Bustani ya viroba: malengo ya mwaka huu yamefika wapi

Safari hii sikuandika "nianzishe bustani". Nimeandika hivi: masika ikiingia, mchicha wa Jumanne na wa Ijumaa utoke nyuma ya nyumba, si gengeni. Basi. Anayetaka kucheka na acheke, ila lengo hili nalikagua kwa kufunua sufuria tu.

Nilianzia kwenye maji kabla ya mbegu. Huku Mbagala, Dar es Salaam, Januari na Februari ni kiangazi hasa, na bomba linatoka kwa mgao. Ninachoweza kubeba bila kugombana na wapangaji wenzangu ni ndoo moja asubuhi na moja jioni, yaani lita 40. Kiroba kikubwa, yaani mfuko wa udongo ninaopandia, kwa jua hili nakipa kama lita 10. Kwa hiyo viroba vinne. Rafiki yangu ananisukuma niweke kumi kwa kuwa nafasi ipo. Nafasi ipo, maji je?

Kujaza kiroba ndiko kunakonifurahisha kuliko yote. Udongo wetu ni mchanga mtupu, kwa hiyo nauchanganya na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza. Katikati ya kiroba nasimamisha kopo la maziwa lililotolewa mfuniko na kitako, nalijaza kokoto, nazungushia udongo pande zote, halafu nalivuta juu taratibu kokoto zibaki. Narudia hivyo hivyo mpaka mdomoni. Inabaki nguzo ya mawe iliyosimama ndani ya udongo, na maji ukiyamimina hapo yanashuka hadi chini. Bila nguzo, juu kunakuwa tope na chini vumbi. Ukilivuta kopo kwa pupa inamomonyoka, unaanza upya.

Mbegu za mchicha nazichanganya na mchanga mkavu ndipo nasia, maana ni ndogo mno, zikimwagika zenyewe zinaota kichaka upande mmoja na upara upande wa pili.

Hali ilivyo sasa: viroba viwili vimeshavunwa. Mchicha wa kung'oa huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne, na ndiyo sababu nimeuchagua uwe lengo la kwanza. Mwezi hauishi hujajua kama umepatia. Cha tatu kimeingiwa na vidukari. Nimepulizia maji ya majani ya mwarobaini yaliyotiwa sabuni kidogo, jioni, chini ya majani kwenyewe wanakojificha. Cha nne ni bamia, hizo joto ni raha yao.

Kila mtu ananiuliza nyanya. Nimezisogeza. Kwa joto hili maua hupukutika, na mvua za masika zikija huleta bakajani, ugonjwa wa kuunguza majani. Nitasia kitaluni mwezi wa tano ili zikulie kwenye kipupwe, na tangu kuhamisha miche hadi kuvuna naweka miezi mitatu. Kuziandika kwenye malengo ya Januari ni kujitafutia lawama bure.

Kuhusu kuhesabu, nimeachana na wiki, nafuata makumi. Wakulima na wavuvi wa pwani waliugawa mwaka wa jua kwa siku kumi kumi, wakianzia siku ya mwaka ile inayosherehekewa Makunduchi, Zanzibar, kila Julai, Mwaka Kogwa. Kwa mchicha inakaa sawasawa: kumi la kuota, kumi la kupunguzia miche, kumi la kuvuna. Na Julai hiyo hiyo ndipo nitakapofanya mapitio makubwa, kwani Desemba kila mtu yuko safarini.

Jumanne imeanza kutimia. Ijumaa bado, tunanunua fungu kwa bibi wa gengeni. Nilipomweleza mpango wangu aliguna, akasema, "Mwanangu, Ijumaa panda matembele, hayo hayana kudeka." Marando, yaani vipando vya matembele, atanipa bure, nimwendee alfajiri kabla hajafungua. Kiroba cha vidukari kisiponyooka kumi hili, namwaga mchicha wote naweka hayo.