Ukiitwa "berk" Uingereza usikunje ngumi

Wazee wa London wana tusi lao moja, "berk", ukilisikia kazini usipaniki, maana yake ni bwege tu, mtu aliyefanya ujinga mdogo mdogo. Pale godauni, dogo mmoja kaweka paleti la maboksi katikati ya mlango halafu mwenyewe kabaki ndani hana pa kupita, mzee wetu wa East End (mashariki mwa London) kachungulia kwenye upenyo akasema "you berk", tukacheka wote na dogo mwenyewe akacheka, yakaisha.

Sasa utamu uko kwenye asili yake. Wale Cockney (kwa jadi ni mtu aliyezaliwa pale kengele za kanisa la St Mary-le-Bow zinaposikika) tangu karne ya 19 wana kalugha kao ka vina, unatafuta msemo ambao mwisho wake una kina sawa na neno unalotaka kusema, halafu ule mwisho unautupa, unabaki na mwanzo usiohusiana na chochote. Mfano "loaf of bread", bread ina kina na head, yaani kichwa, kwa hiyo mtu akikwambia "use your loaf" anamaanisha tumia akili. Ni kama kinyume tulichokuwa tunaongea utotoni ili wakubwa watoke kapa, ila hawa ni watu wazima na ndevu zao.

Haya, "berk" inatokana na Berkeley Hunt, wawindaji mbweha wa kule Gloucestershire, ingawa wengine wanasema ni Berkshire Hunt. Hiyo Hunt ina kina na neno gani la Kiingereza linaloanza na c, jaza mwenyewe, humu kuna wakwe. Tusi la nguoni kabisa, ambalo kwenye TV za huku hulisikii kabla ya saa 3 usiku, limejificha kwenye kaneno ambako bibi wa watu anamwambia mjukuu wake bila wasiwasi! Wengi wanaolitumia wala hawajui, na mi naona ndo maana limepoa, uchafu ulitupwa pamoja na kina.

Vijana wao wanapenda zaidi "muppet", kutoka vile vikaragosi vya TV vya Mmarekani Jim Henson, kipindi chao kilirekodiwa huku huku Elstree, karibu na London, 1976 mpaka 1981. Hilo halina kitu ndani, hata bosi anakupa mbele za watu. Ila "berk" wewe mgeni usimrushie mzee wa East End, huyo anajua vizuri Hunt ilienda wapi.