Spana iliyoandikwa Abingdon

Ukiinua boneti ya MG TC, gari dogo la michezo la Kiingereza, nyuma ya injini utaona sanduku la bati lenye mfuniko. Humo ndimo vifaa vilimokaa gari likitoka kiwandani. Siku niliponunua la kwangu, la mwaka 1948, nilikuta tambara lililoganda oili, bisibisi ya mpini wa plastiki ya manjano na spana malaya ya juzi tu. Bolti za injini nazo zilikuwa zimeliwa kona. Sikuhitaji kuuliza nani kazila.

Ile spana malaya ndiyo iliyonianzisha kutafuta seti ya vifaa vya zama zile, na sikufanya hivyo kwa ajili ya maonyesho. Injini ya TC, ile XPAG ya sentimita za ujazo 1,250, ina kituko chake: nyuzi za bolti ni za milimita, vichwa ni vya Whitworth, kipimo cha Waingereza. Kiwanda cha injini cha Coventry kilikuwa cha Wafaransa, Hotchkiss, na mashine zake zilikata nyuzi za milimita. William Morris, mwenye magari ya Morris, alipokinunua mwaka 1923, mashine zikaachwa vilevile, ila vichwa vikatengenezwa viingie kwenye spana ambazo mafundi wa Uingereza walikuwa nazo tayari. Basi bolti ya milimita 8 naifungua kwa spana ya 1/4W (W ni Whitworth), ambayo mdomo wake una milimita 13.3 hivi. Ya 13 haiingii. Ya 14 inaingia na kucheza, na siku bolti ikigoma ukaitia nguvu, kona zimekwenda.

Ile 1/4 inawachanganya wengi. Si upana wa mdomo wa spana, ni unene, kwa inchi, wa bolti ya Whitworth yenye kichwa hicho. Tena mdomo huohuo unaweza kuandikwa 5/16BS, kwa kuwa bolti za BSF, aina nyingine ya Kiingereza yenye nyuzi za karibukaribu, zilikuwa na kichwa kidogo kuliko za Whitworth za unene uleule. Ukiona AF, yaani spana inayotajwa kwa upana wa mdomo wenyewe, rudisha mezani. Hizo ni za bolti za Kimarekani na za nyuzi za Unified, kipimo cha pamoja ambacho Uingereza, Marekani na Kanada walikubaliana mwaka 1948. TC haikuwahi kuzitumia, hata kama muuzaji ataapa.

Na mimi muuzaji aliniapia. Ilikuwa spana malaya nzito, imejaa kutu, na chini ya kutu zilisomeka herufi ABINGDON. "Hii ni ya kiwandani kwenyewe, kaka," akaniambia. Nami nikaona nimeokota dhahabu, maana magari ya MG yalitengenezwa mji wa Abingdon hadi mwaka 1980. Nikalipa bila kubembeleza bei.

Nyumbani nikailoweka kwenye siki tangu asubuhi hadi jioni (usiisahau humo, siki hula na chuma kizima), kisha nikaisugua taratibu kwa brashi ya waya wa shaba. Jiwe la kusaga silisogezi karibu na vifaa kama hivi, maana linafuta herufi, na herufi ndizo zinazotueleza. Zikaanza kujitokeza nyingine: KING, halafu DICK. Nikakaa kitako. Abingdon King Dick ni watengenezaji wa spana wa Birmingham, wale wenye alama ya mbwa. Jina linafanana tu, kiwanda cha MG hakimo.

Sikumlaumu yule kaka, naye aliamini alichoniambia. Spana yenyewe ni nzuri kuliko zangu zote, taya hazilegei hata kidogo. Nimeiweka kwenye droo ya kazi za kila siku. Sandukuni haijaingia.

Nyundo ya seti nayo ilinisumbua, lakini kwa namna nyingine. Rimu za TC ni za spoku, inchi 19, na kila moja imeshikwa na nati moja kubwa yenye masikio mawili unayoyagonga. Upande wa kushoto nyuzi ni za kawaida, kulia zimegeuzwa. Nyundo inatakiwa iwe na uso wa shaba, ulaini wake usiumize masikio. Nilipata iliyotumika, uso umetanuka pembeni kama uyoga. Rafiki yangu alitaka kuupiga tupa uwe safi. Nikamwomba aiweke chini. Uyoga ule umetokana na miaka ya mapigo, na siwezi kuununua popote.

Limebaki bomba la kusukumia grisi, la kampuni ya Tecalemit. Ninalo, ila washa yake ya ngozi ilikuja imekauka, ngumu kama kwato. Tangu Jumapili iko ndani ya kikombe cha oili. Asubuhi hii nimeibonyeza kwa kucha ikabonyea kidogo. Kesho nitairudisha ndani, nijaze grisi, nione kama itasukuma au itanimwagikia mikononi.