Uvimbe uliojificha shingoni

Mama mdogo wangu, anayeuza mikate Kadutu hapa Bukavu, alitolewa mawe ya figo mara mbili kabla ya mtu yeyote kufikiria kumpima kalsiamu ya damu. Mimi nililaumu maji ya bomba. Karatasi ya maabara ilionyesha kalsiamu iko juu, na homoni ya parathairoidi, ambayo ilipaswa kushuka kalsiamu inapopanda, nayo iko juu.

Tezi za parathairoidi kwa kawaida ni nne, ndogo kama punje za mchele, nyuma ya tezi ya thairoidi. Mojawapo ikiota uvimbe, homoni huzidi na kuilazimisha mifupa kuachia kalsiamu damuni, na kalsiamu ikizidi huweza kujenga mawe figoni. Aghalabu uvimbe huo si saratani. Ultrasaundi husaidia kuutafuta, lakini kinachoponya ni upasuaji, ambao daktari mpasuaji Felix Mandl aliufanya Vienna mwaka 1925.

Usiku uliofuata upasuaji wake, Mama mdogo alihisi midomo na ncha za vidole vikimfa ganzi, kwa kuwa mifupa yenye njaa ilikuwa ikijirudishia kalsiamu yake kwa pupa. Alipewa kalsiamu, na asubuhi akaomba chai.