Wiki ya 11: Kito amekwenda kuume!

Leo asubuhi Kito, mbwa wangu wa aina ya Border Collie ninayemfunza kuchunga, amelizunguka kundi la kondoo kwa upande wa kuume mara nne mfululizo. Wiki sita nzima nimekuwa nikimsihi!

Hamu haikuwa tatizo. Border Collie kuchunga kumo damuni: anainamisha kichwa, anakaza macho, na kondoo wanasogea bila kubwekewa. Lakini nikisema "Shoto!" anachomoka, nikisema "Kuume!" anachomoka shoto vilevile. Nimemzibia njia kwa mwili, nimemfunga kamba ya mita 10, nimebadilisha sauti. Juzi nilikasirika nikamfungia mapema, na usiku usingizi ukanipaa kwa jinsi nilivyomwonea.

Aliyetegua kitendawili ni mzee jirani aliyepita kuchota maji. Akatazama kidogo tu.

"Kijana, huyu hakosei. Anaziba geti."

Geti la zizi liko shoto. Kondoo huvutwa huko kwa kuwa ndiko nyumbani, naye Kito hukimbilia pale wanapotaka kuponyokea. Kumbe muda wote huo alikuwa akifanya kazi yake barabara! Nimewahamishia kondoo wanane shamba la chini, geti likawa kuume kwetu. "Kuume," nikasema taratibu. Akageuza shingo, sikio moja juu, halafu huyoo! Wiki ijayo nitahama tena, geti liwe nyuma yetu, nione kama amelishika neno lenyewe.

Filimbi nayo: ya refa sitaki tena kuiona, ina mlio mmoja tu. Ile bapa ya wachungaji, bati lililokunjwa na kutobolewa katikati, inakaa yote mdomoni. Ulimi ndio unaopandisha na kushusha mlio, na mikono yote miwili iko huru kufungua geti. Nimeifanyia mazoezi mwezi mzima kabla haijalia.

Kesho kondoo wananyweshwa ivermectin, dawa ya minyoo. Kito atakaa mbali, asilambe matone wala kula mavi yao siku zinazofuata. Mbwa wengi wa jamii ya koli wana kasoro ya jeni ya MDR1, na dawa hiyo huwapenya hadi kwenye ubongo. Kwa Border Collie ni wachache, ila Kito hajapimwa, na mimi sibahatishi.

Siku hizo hatakaa bure. Yule mzee ana bata watano, wanatembea kwa kushikamana kama kundi dogo la kondoo. Nimeshamwomba.