Nyumba moja, majina matatu ya baba

Kabla hawa watoto watatu tunaowalea hawajaja, nyumba yetu ya Kisauni, Mombasa, ilikuwa na watoto wanne na majina mawili ya baba. Wawili nimewazaa mimi. Baba yao alishatangulia mbele ya haki. Wawili ni wa mume wangu, na mama yao yuko hai, ameolewa Malindi, wanakwenda kwake shule zikifungwa. Nilipoolewa hapa sikudai kuitwa mama. Wakaniita Halati, kama dada wa mama, wanangu wakamwita mume wangu Ami, kama ndugu wa baba, maisha yakaenda. Natanguliza hili kwa sababu kina mama wenzangu walioolewa mara ya pili huniambia, "Sisi wenyewe bado hatujazoeana, tuongeze tena watoto wa watu?" Kwetu sisi ilikuwa kinyume. Kuishi bila jina moja tulikuwa tushakujua.

Hawa watatu ni ndugu wa tumbo moja: kaka wa miaka kumi, dada wa saba, na kitinda mimba aliyekuwa hajatimiza minne. Majina siyataji. Wadogo walikuwa kwa mlezi wa muda, mama wa makamo, na kaka yao kwenye makao ya watoto, kwa kuwa yule mama hakuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Mimi nilikuwa nikishona sare za makao hayo, na ndiko nilikomsikia akimuuliza kila mkubwa anayepita Jumamosi ni lini. Jumamosi ndiyo aliyokuwa akipelekwa kuwaona wenzake. Usiku nikamweleza mume wangu. Alinyamaza, kisha akauliza, "Watatu?" Nikamwambia watatu, au tusiende kabisa.

Kwa afisa wa watoto tulikwenda tukidhani tunataka kuasili. Akatukalisha, akatueleza. Kuasili kwa sheria ya Kenya kunamfanya mtoto kuwa kama uliyemzaa: anapata haki ya kukurithi, na uhusiano wake wa kisheria na wazazi wa kwanza unakatika. Sisi ni Waislamu, hapo tukakwama, maana aya ya 5 ya Surat al-Ahzab inaagiza watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Afisa, ambaye wala si Mwislamu, ndiye aliyetuambia kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 imeitaja kafala. Unamchukua mtoto, unamlisha, unamsomesha, unamlinda, ila habebi jina la ukoo wako na hakurithi.

Mwingine angeona hapo kuna upungufu. Mimi niliona nyumba yangu mwenyewe. Wanangu hawabebi jina la mume wangu wala hawamrithi, na karo yao hulipwa siku moja na ya wanawe. Tulipomuuliza sheikh habari ya mali, akatukumbusha kwamba mtu anaweza kumuusia asiyekuwa mrithi wake, mradi wasia usipite theluthi. Tukaandika. Hiba nayo ipo, yaani kumpa mtu mali yako bure, ukiwa hai na mkono wako unafanya kazi.

Makaratasi ni mengi lakini hayaui: cheti cha mwenendo mwema cha polisi, barua ya chifu, ripoti ya daktari, na mengineyo. Familia za mseto, za ndoa ya pili kama yetu, zinaongezewa. Sisi tuliulizwa cheti cha kifo cha marehemu, hati ya talaka ya mume wangu, na cheti cha ndoa yetu sisi wawili. Ikiwa ndoa yako ilifungwa msikitini na haijasajiliwa, anza hapo kabla ya kwenda popote.

Afisa alipokuja nyumbani alizungumza na watoto mmoja mmoja, sisi tukiwa nje. Binti yangu alimwambia wazi kwamba hataki, kwa sababu kitanda chake kitachukuliwa. Niliona haya. Afisa hakushtuka hata kidogo. Alisema mtoto anayetaja kitanda ana tatizo la kitanda, litatueni. Tukanunua cha ghorofa, binti akachagua juu, na kelele ikaisha. Kwenye mahakama ya watoto ya Tononoka hakimu naye aliwasikiliza watoto kabla ya kutoa amri. Huko sina mengi ya kusimulia, tulikaa sana kwenye benchi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwa kaka. Hakuwa mtukutu, alikuwa baba. Anafua sare ya dada yake usiku, anaonja uji wa mdogo wake kabla haujamfikia, na nikishika kitana kumsuka yule binti, yuko mlangoni. Majirani wakaniambia nimpokonye ile kazi, aupate utoto wake. Sikukubali. Mtoto aliyewashikilia wenzake kwa miaka huwezi kumwambia leo basi, kaa kando. Nilimwachia kumlaza mdogo, nikachukua kufua. Baadaye akaniachia uji mwenyewe. Nywele zilikuja mwisho.

Aliyemlainisha si mimi. Ni mwana mkubwa wa mume wangu, aliyenisumbua kuliko wote nilipokuja. Nilikuwa kwenye cherehani, wao wako barazani wanakula viazi karai, nikamsikia akimwambia, "Mimi mwenyewe simwiti mama. Mwite Halati, hakasiriki. Mamako ni mamako." Yule akauliza, "Na ukiumwa?" "Nikiumwa ananipeleka hospitali, kwani vipi?" Nikaendelea kukanyaga cherehani ili wasijue nimesikia. Mimi ningeyasema yale mara mia na yasingemwingia.

Nyanya yao yuko Matuga, mzaa mama, miguu haimchukui tena. Tulipokwenda kumsalimu mara ya kwanza aliniambia, "Mie nimezeeka, sijafa. Wasije wakaambiwa hawana kwao." Kwa hiyo twavuka Likoni mara kwa mara, wakati mwingine feri ikitutoa jasho, na wakirudi hupewa nazi ambazo hatuna pa kuziweka. Watoto wa mume wangu wana safari ya Malindi, hawa wana ya Matuga. Wangu, wasio na pa kwenda, ndio walioanza kulalamika, na sasa tunakwenda Matuga nao.

Lililobaki ni la vyumba. Binti yangu na mwana wa mume wangu si maharimu, yaani dini haiwakatazi kuoana, kwa hiyo wavulana na wasichana walikuwa mbali tangu zamani, na kubisha hodi ni sheria ya nyumba. Wageni hawa waliikuta, haikutungwa kwa ajili yao, na nadhani iliwapunguzia kujihisi wageni. Lakini kaka anakaribia kubaleghe, na kwangu yeye si maharimu, tofauti na mwana wa mume wangu ambaye ni maharimu wangu. Stara yangu ya ndani ya nyumba itabidi ibadilike, nami nimeshamweleza mapema asije akadhani anafukuzwa. Tunajenga chumba juu, cha wavulana wakubwa. Mume wangu na fundi wanataka ngazi ipite nje, eti itaokoa nafasi. Mimi nataka ipite jikoni, nione nani anaingia saa ngapi. Mawe yameshashushwa uani, na bado hatujaelewana.