Siku yangu na mtaro wa mita 40

Saa 12 na nusu asubuhi. Chepe bado liko garini. Nazunguka kwanza na buti zangu nione pameloa wapi na maji yana hamu ya kwenda wapi. Hapa uwanja wa nyuma, kati ya nyumba na bustani, unabaki tope siku kadhaa baada ya mvua, na miche inageuka njano kwa sababu mizizi imekosa hewa. Swali langu la kwanza ni moja siku zote: maji yatatokea wapi? Bahati nzuri upande wa chini wa kiwanja kuna mfereji wa wazi wenye kina cha sentimita 110, na haumwagi kwa jirani. Pangekosekana pa kutokea, ningeshika njia nikaondoka. Mzee mwenye nyumba ananionyesha waya wa umeme wa kwenye banda na bomba la maji safi vinapopita ardhini. Nazipigia alama njia zote mbili.

Saa 1 na nusu. Vipimo. Sehemu hii ndiyo watu huipita haraka, nami ndiyo ninayoipa muda kuliko kuchimba. Kuanzia mferejini hadi juu kwenye tope ni mita 40. Nataka bomba la matundu, lile tutakalolifukia mtaroni likusanye maji, lipande sentimita 1 kila mita, yaani 40 kwa jumla. Mashambani, kwenye mistari mirefu, watu hulaza hata mteremko wa sentimita 10 kwa mita 100, lakini hao wana mashine inayoongozwa na leza. Kwa chepe na kamba, usijaribu.

Nalinganisha usawa kwa mpira mwembamba wa kuonyesha ndani uliojazwa maji. Povu la hewa likibaki humo, kipimo kinadanganya, kwa hiyo tunautikisa mpaka lote litoke. Ardhi yenyewe imepanda sentimita 25 tu. Hesabu inakuwa hivi: sakafu ya mtaro ikianza na kina cha 80 huku mferejini, juu itakuwa na kina cha 65. Napigilia vigingi kila mita 5 na kufunga kamba iliyo sentimita 100 juu ya sakafu ninayoitaka. Kwenye mfereji kamba iko 20 kutoka ardhini, juu iko 35. Kisha nakata fimbo ya sentimita 100 kamili. Kuanzia sasa fimbo ndiyo bosi. Jicho langu silisikilizi, maana kiwanja chenye mteremko humfanya mtu aone tambarare ni mlima na mlima ni tambarare.

Saa 3. Tunachimba, tukianzia chini kuelekea juu, ili maji tunayokutana nayo yatutoke yenyewe. Udongo tunauweka mbali na ukingo, hatua nzima, usije ukaporomoka juu ya mguu wa mtu. Kijana wangu ana nguvu za kunishinda, na kila baada ya hatua mbili nampa fimbo apime kina. Karibu na kigingi cha nne sururu imezama sentimita 3 zaidi. Anataka kurudisha udongo aliouchimbua. Namwambia, hapana mdogo wangu, udongo uliolegezwa utashuka, bomba litafuata, na hapo patakuwa na bonde. Maji yatatuama bondeni, tope litatulia humo, na mstari wote wa juu utashindwa kutoa maji. Tunajaza kokoto na kushindilia.

Saa 7. Chakula, kivuli. Namsimulia kijana habari za John Johnston, Mskoti aliyelaza vigae vya udongo wa kuchoma vya kutoa maji shambani mwake karibu na Geneva, jimbo la New York, Marekani, miaka ya 1830. Maji yaliingia kwenye viungo kati ya kigae na kigae. Kimoja kikizama, mstari umeharibika. Plastiki imekuja, tatizo limebaki lilelile.

Saa 8. Kitambaa cha kuchujia kinatandikwa mtaroni, kokoto safi iliyooshwa sentimita 5, kisha bomba la milimita 100 lenye matundu upande mmoja. Mzee anachungulia: “Fundi, si matundu yaangalie juu ili maji yaingie?” Namheshimu, ila hapana, mzee. Maji ya ardhini hujaa kokoto kutokea chini na kupanda. Matundu yakiwa chini, maji yanaingia mapema na usawa wa maji unashuka zaidi. Matundu yakiwa juu, lazima kwanza maji yalifunike bomba. Anatikisa kichwa bila kuamini sana. Mita 3 za mwisho kuelekea mferejini nafunga bomba lisilo na matundu, imara, mdomoni wavu wa kuzuia panya, sentimita 35 juu ya kitako cha mfereji. Juu kabisa nasimamisha kipande cha bomba chenye kifuniko, cha kusafishia.

Saa 9 na nusu. Kabla ya kufukia, ndoo za maji zinamiminwa juu. Kijana amechuchumaa mferejini. Anapiga ukelele yakitokea, nami natembea mstari mzima nikitafuta penye kutuama. Hakuna. Mzee sasa anaamini.

Saa 10. Kokoto juu ya bomba, kitambaa kinafungwa juu yake, halafu udongo. Tunauacha umevimba kidogo kwa kuwa utashuka na mvua. Mzee anaomba tuunganishe na maji ya paa. Namkatalia: mvua kubwa ya paa ingelijaza bomba na kuyarudisha maji kwenye kokoto, yaloweshe palepale tulipokuja kukausha. Maji ya paa yanataka bomba lake.

Saa 11 na nusu. Namchorea ramani kwenye karatasi: umbali kutoka kona ya nyumba, kina cha kila kigingi, kilipo kifuniko. Namwomba aiweke pamoja na hati za kiwanja, na asipande mti wenye mizizi mirefu juu ya mstari huo.