Bango la Mzee Punch na jina la pembeni

Aliyesoma Mlimani kabla ya 1990 hahitaji kuelezwa Mzee Punch alikuwa nani. Kwa mliokuja baadaye: hakuwa mtu mmoja. Lilikuwa kundi la wanafunzi wasiojulikana, waliochora kwenye karatasi na kubandika kwenye kuta za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam bila kutia majina yao, na watu wakakusanyika kusoma na kucheka. Alizuka miaka ya 1970, wakati njia nyingine za kusema zilikuwa zimeshabanwa. Cheche, jarida la wanafunzi lililoanza kutoka Novemba 1969, halikumaliza hata miezi kumi na mitano kabla ya kupigwa marufuku pamoja na USARF, chama kilichokuwa nyuma yake. Julai 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alikamatwa chuoni na FFU, polisi wa kutuliza ghasia, wenye silaha baada ya kumwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi. Katika hali hiyo naelewa kabisa kwa nini mwanafunzi mwenye la kumwambia mkubwa aliona heri aseme kupitia Mzee Punch.

Mimi sikumkuta. Nina duka la steshenari Changanyikeni, kazi yetu kubwa ni kuprinti tasnifu, kutoa kopi na kuskani vyeti. Lakini ukikaa karibu na chuo na skana yako iko wazi, vitu vinakufuata. Wastaafu wanakuja na mafaili ya kufuatilia mafao, na kati ya barua ya ajira na ya kupandishwa daraja wanakuwa wamesahau karatasi ya zamani. Nilianza kuwaomba ruhusa ya kubaki na nakala. Sasa ninao vijana wawili wanaosomea ukutubi, tunafanya kazi hiyo jioni duka likishafungwa.

Bango ninalotaka kulisimulia lililetwa na mwalimu mstaafu wa Tanga aliyesoma Mlimani miaka ya 1980. Lilikuwa limekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya khaki. Akaniambia, "Hii nayo niskanie, mwanangu, halafu uilamineti kabisa isiharibike."

Nimwambie na kila anayesoma hapa: karatasi ya zamani hailaminetiwi. Mimi ndiye ninayeishi kwa mashine hiyo, na bado nasema hapana. Ule moto unaivisha karatasi na plastiki inashikamana nayo moja kwa moja, hutaitoa tena bila kuichana. Seloteipu nayo ni hivyohivyo. Bango la mwalimu lilikuwa limezibwa kwa seloteipu kwenye mkunjo wa katikati, seloteipu yenyewe imeshakauka na kubanduka, lakini gundi imebaki ndani ya karatasi, utepe wa rangi ya chai iliyokolea uliopita juu ya uso wa mtu aliyechorwa. Ule utepe hautoki. Ungekuwa mkunjo mtupu, tungeunyoosha kwa uzito wa vitabu ukalala.

Tulilitandaza mezani juu ya shuka jeupe. Kwenye pembe nne kulikuwa na mabaki ya gundi ya unga, na kwenye pembe moja chembe za rangi ya ukuta, ya maziwa, zilizong'oka na karatasi siku lilipobanduliwa. Niliwakataza vijana wasizipanguse. Zile chembe ndizo ushahidi kwamba bango hili lilikaa ukutani kweli, halikuchorwa na kuwekwa kabatini.

Mchoro wenyewe una mkono mzuri. Anayeonekana kwanza ni mkubwa mwenye tumbo, ameketi juu ya rundo la mitihani kama ameketi juu ya gunia la mpunga, na chini yake foleni ya wanafunzi na sahani tupu. Mistari michache tu ya maka peni, lakini foleni ile inasogea, unaona uchovu wa mabega. Aliyechora alijua alichokuwa anafanya, na inaniuma kwamba hatutamjua.

Halafu pembeni, chini kulia, kuna msichana. Amechorwa kwa namna ambayo sitaieleza, na pembeni yake limeandikwa jina lake kamili na namba ya chumba.

Mwalimu alitaka tuliweke lote mtandaoni. "Ndiyo historia hiyo, mwanangu. Sote tulipunchiwa." Nikamuuliza yeye alipunchiwa kwa lipi. Akasema walimchora amelala darasani. Nikamwambia, mwalimu, kulala darasani na hiki kilichochorwa hapa haviko mizani moja. Alinyamaza, hakukasirika, lakini pia hakukubali siku ile.

Hapa lazima nimtaje Levina Mukasa. Alikuwa mwanafunzi Mlimani, akajiua Februari 1990 baada ya kuandamwa na kudhalilishwa na wanafunzi wa kiume, na jina la Punch lilikuwa katikati ya mkasa huo. Wanawake ndani na nje ya chuo walipaza sauti, Punch ikapigwa marufuku. Mei mwaka huohuo chuo chenyewe kikafungwa na serikali katika mgogoro mwingine na wanafunzi, kikaja kufunguliwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Mzee Punch alikuwa sauti ya wanyonge, ni kweli, na ukisikia mwingine anasema Mzee Punch alikuwa mnyanyasaji wa wasichana, ni kweli pia, na tena mara nyingine ni karatasi ileile moja. Bango la mwalimu linawabeba wote wawili: mkubwa aliyestahili kusemwa, na binti ambaye hakuwa na kosa zaidi ya kuwa binti.

Nikaanza kujiuliza nani aliyebandua mabango haya na kuyaweka. Wote walioniletea mpaka leo ni wanaume. Inaeleweka. Aliyecheka ndiye aliyebandua akaweka kumbukumbu. Aliyechorwa, kama alipata nafasi ya kulishika, alilichana. Tukikusanya tu na kupandisha, kavazi letu, yaani hazina yetu ya kumbukumbu, litarithi macho ya waliokuwa wanacheka, na mjukuu atakayelifungua mwaka 2060 atadhani chuo kizima kilikuwa kinacheka.

Kwa hiyo tumefanya hivi. Bango lote limepigwa picha bila kufichwa kitu, kwa kamera iliyofungwa juu ikitazama chini, kwa sababu karatasi ya manila lilimochorwa haiingii kwenye skana ya A3. Tumeweka rula na kadi ya rangi ndani ya picha ili vipimo na rangi visije vikabishaniwa. Picha hiyo ya asili tunaitunza kama TIFF, aina ya faili la picha ambalo hatulibani. Ni mzigo: ukurasa mmoja tu wa A3 kwa rangi, dpi 600, unakula takribani MB 200, na diski hazitolewi bure. Nakala ni tatu, moja haiko Dar es Salaam kabisa. Nakala ya watu wote ina pembe ya kulia imefunikwa kwa rangi ya kijivu, na tumeandika waziwazi kwamba imefunikwa, nani ameifunika na kwa nini. Kufunika kimyakimya ni uongo. Kufunika na kusema ni heshima, na mtafiti mwenye sababu anaweza kuomba kuona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na inatuhusu, ila hata isingekuwepo ningefanya hivyohivyo.

Mwalimu ndiye aliyempata yule msichana wa pembeni, ambaye sasa ni mama, kupitia kundi la WhatsApp la wenzake wa mwaka wao. Alihangaika peke yake, sikumtuma. Nilipompigia nilikuwa natetemeka. Nilimwamkia, nikajieleza, nikamwambia kuna bango na jina lake limo. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Lipo bado?" Alidhani yote yalikwisha kwa mvua.

Hataki ile pembe yake ionyeshwe. Hilo alilisema kwanza na hakutaka mjadala. Lakini hakutaka bango lichanwe. Alisema likichanwa itakuwa kama haikutokea. Akakubali kurekodiwa sauti, iwekwe pamoja na bango, jina lake likiwa limefichwa: jinsi alivyoacha kwenda kafeteria akawa anapikia chumbani, jinsi rafiki zake walivyoogopa kutembea naye wasije wakachorwa wao, na jinsi hakuwahi kumwambia mumewe. Akikumbuka mchoro wa yule mkubwa mwenye tumbo alicheka. "Huyo walimpatia," alisema. Sauti hiyo sasa imeunganishwa na faili la bango. Ukifungua moja unalikuta jingine, na maelezo ya mwalimu yanafuata chini yake. Watoto wake watapewa haki ya kuamua kuhusu ile pembe yeye akishaondoka. Tumeliandika na ametia sahihi.

Najua kuna watakaosema ninachelewesha kazi kwa mtu mmoja mmoja wakati karatasi zinaoza. Zinaoza kweli. Mabango ya Oktoba 22, 1966, siku wanafunzi walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, sijawahi kushika hata moja. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu mia nne, akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na moja ya mabango lililomchoma ni lile lililodai hali ilikuwa nafuu wakati wa ukoloni. Ningetoa kikubwa kuona mwandiko wa bango lile. Kuna haraka, ndiyo. Lakini kazi ya haraka ni kupiga picha na kutunza. Kuonyesha kunaweza kusubiri simu moja.

Kama una kitu nyumbani, nakuomba mambo machache. Usikiguse kwa seloteipu, usikilamineti, usikiweke sebuleni juani. Pini zilizoshika kutu kwenye jarida la saiklostaili usizing'oe kwa nguvu. Inua miguu yake taratibu kwa kisu chembamba, au niachie mimi. Ukipiga picha kwa simu, usiitume WhatsApp kama picha, maana inabanwa na tarehe inapotea. Itume kama dokyumenti. Kwenye karatasi nyingine, kwa penseli, andika ulikipata wapi, mwaka gani, ukuta gani, nani alikuwepo. Usiandike juu ya bango lenyewe.

Na akina mama mliokaa Mlimani miaka ile, hata kama hamna karatasi yoyote, njooni. Nyie ndio nawatafuta zaidi. Duka linafungwa saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo ninakuwa nyuma na vijana, chai ipo, na hakuna anayeulizwa jina mlangoni.